Miaka Mitatu ya Hasheem, Mwaka Mmoja wa Maluach

Kombe la Dunia la mpira wa kikapu la wanaume la 2027 limepangwa kuchezwa Doha, michezo yote ndani ya jiji moja, kuanzia Agosti 27 hadi Septemba 12, kwa timu 32. Nchi ya Kiarabu haijawahi kuandaa mashindano hayo. Mwenyeji hana shida ya kumbi: mwaka 2015 Qatar iliandaa Kombe la Dunia la mpira wa mikono na kujenga kumbi kubwa Lusail, Duhail na Al Sadd. Watakaozijaza ni mchanganyiko wa watu wa Doha yenyewe, wakiwemo Wafilipino, ambao kwao kikapu ni kama soka kwa Mtanzania, na Waafrika Mashariki wanaolinda majengo, kuendesha magari na kuhudumia hoteli za jiji hilo. Atakayesoma orodha za wachezaji wa timu kubwa ataona jambo moja. Nyota wengi waliopita chuo kikuu cha Marekani hawakubaki hadi kuvaa joho. Walikaa mwaka mmoja, miwili, wakizidi sana mitatu, kisha wakaenda kulipwa.

Kanuni inayoruhusu hilo ni fupi. Ligi ya NBA huchagua wachezaji wapya mara moja kila mwaka, mwezi Juni, kwa raundi mbili za klabu 30. Kwa makubaliano ya 2005 kati ya ligi na chama cha wachezaji, yaliyoanza kutumika katika uteuzi wa 2006, kijana lazima atimize miaka 19 ndani ya mwaka anaochaguliwa, na aliyesoma Marekani awe amepitisha angalau mwaka mmoja tangu darasa lake lilipomaliza sekondari. Aliyekulia na kucheza nje ya Marekani huingia moja kwa moja katika mwaka anaofikisha miaka 22. Popote katika kanuni hiyo hakuna neno kuhusu masomo. Mwaka wa kusubiri unaweza kupitishwa darasani, Hispania, Australia au nyumbani kwa mama. Chuo kilipata wanafunzi hao kwa sababu kilikuwa na viwanja, makocha na kamera za televisheni.

Zamani mlango ulikuwa umefungwa zaidi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, NBA ilimtaka mchezaji asubiri miaka minne tangu amalize sekondari. Spencer Haywood, aliyesaini na Seattle kabla ya muda huo, alifika Mahakama Kuu ya Marekani na mwaka 1971 akashinda kwa kura saba dhidi ya mbili. Baada ya hapo mlango ulifunguka kidogo kidogo, hadi vijana wakaanza kuruka chuo kabisa: Kevin Garnett mwaka 1995, Kobe Bryant 1996, LeBron James 2003. Katikati yao alikuwepo Kwame Brown, chaguo la kwanza la 2001 kutoka sekondari, ambaye hakufikia hata robo ya matarajio. Wenye klabu hawapendi kununua mbuzi kwenye gunia, na kanuni ya 2005 iliwapa mwaka mmoja wa kumtazama kijana kwa gharama ya mtu mwingine. Kusema kwamba iliwekwa ili vijana wasome ni kuisifia bure.

Hesabu inayomtoa kijana chuoni ni ya mkataba, na watu wengi huielewa nusu tu. Aliyechaguliwa raundi ya kwanza hupewa mshahara uliopangwa kwa jedwali, mkubwa kwa chaguo la kwanza na ukishuka hadi la thelathini. Miaka miwili ya mwanzo ni ya uhakika: avunjike mguu, akae benchi, fedha zinaingia. Mwaka wa tatu na wa nne ni hiari ya klabu. Raundi ya pili haina uhakika huo, na ndiyo maana tofauti kati ya kuchaguliwa wa 30 na wa 31 ni kubwa kuliko tofauti ya uwezo wa wachezaji wenyewe. Nusu ya pili ya hesabu inahusu mkataba unaofuata. Mshahara wa jedwali hauna nafasi ya kubishania bei. Bei ya kweli huanza baada ya miaka ile minne. Aliyeingia na miaka 19 hufika sokoni akiwa na 23, miguu ikiwa bado mipya. Aliyengoja hadi 22 hufika na 26. Kila mwaka wa chuo unakatwa kutoka mwisho wa kazi, pale ambapo mwaka mmoja una thamani kubwa kuliko yote minne ya mwanzo.

Kijana hatakiwi kuamua gizani. Majira ya kuchipua huandikisha jina, akaenda kupimwa Chicago mwezi Mei, akasikiliza klabu zinamweka wapi, kisha akaweza kuliondoa jina na kurudi darasani kabla ya tarehe ya mwisho. Tangu 2018 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kinamruhusu hata kuwa na wakala wakati wa kipimo hicho, jambo ambalo zamani lilimfungia mlango wa kurudi moja kwa moja.

Kwa wasikilizaji wa Kiswahili, kisa kinachofahamika zaidi ni cha Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam Februari 1987. Kimesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya kijana aliyeharakisha, na tarehe zake hazikubaliani na hadithi hiyo. Hasheem alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi, umri ambao wenzake wa Marekani tayari wana miaka minane au tisa ya kuchezea mpira. Alipita Makongo, Dar es Salaam, akapita Laiser Hill nchini Kenya, akavuka bahari na kumalizia sekondari Houston, Texas. Mwaka 2006 aliingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Kimo chake kilikuwa mita 2.21. Kimo hicho kinasaidia kila mahali isipokuwa kwenye kiti cha ndege, lakini hakimfundishi mtu kushika pasi inayokuja kwa kasi, wala kugeuka na mpira mabeki wawili wakiwa mgongoni.

Connecticut ilimfundisha kuzuia. Katika msimu wa 2008–09 alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 iliyozuiwa kwa mchezo. Mwishoni mwa Januari 2009, dhidi ya Providence, alipata pointi 15, ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10 katika mchezo mmoja. Msimu huo timu yake ilifika nusu fainali ya taifa, ikafungwa na Michigan State mjini Detroit, naye akashirikiana na DeJuan Blair wa Pittsburgh tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Big East. Mwaka mmoja kabla, mwaka 2008, alikuwa na nafasi ya kuondoka, akaamua kubaki. Kwa hiyo alipoondoka 2009, baada ya mwaka wa tatu, alikuwa na miaka 22. Ukilinganisha na vijana wa miaka 19 wanaojaza raundi ya kwanza siku hizi, huyo ni mzee.

Usiku wa Juni 25, 2009, Memphis Grizzlies walimchagua wa pili, nyuma ya Blake Griffin peke yake. James Harden alichaguliwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Mstari huo ndio unaomfuata Hasheem hadi leo, kana kwamba yeye ndiye aliyejichagua. Mshahara wa mwaka wa kwanza ulizidi dola milioni 4. Lakini katikati ya uwanja wa Memphis alikuwepo tayari Marc Gasol, Mhispania mwenye akili nyingi za mchezo, na majira hayo hayo klabu ikamleta Zach Randolph. Mtanzania aliyekuwa na miaka saba tu ya kikapu aliwekwa nyuma ya watu wawili ambao hakuna kocha angewatoa. Alicheza dakika 13 hivi kwa mchezo. Februari 2010 alishushwa hadi Dakota Wizards, timu ya ligi ya maendeleo, na wakati huo hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko. Mwaka uliofuata alihamishiwa Houston, kisha Portland, kisha Oklahoma City. Alifunga ukurasa wa NBA mwaka 2014 akiwa na michezo 224 na wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Baadaye alicheza Japan na Taiwan.

Je, mwaka wa nne chuoni ungemwokoa? Haielekei. Alichopungukiwa ni miaka ya utotoni, na chuo hakiwezi kuirudisha. Mwaka wa nne ungempa michezo mingine 35 dhidi ya watu aliokuwa amekwisha kuwashinda. Angechaguliwa akiwa na miaka 23, huenda chini zaidi, kwa mshahara mdogo zaidi. Kifedha aliondoka katika dakika yake bora. Kimchezo alihitaji klabu ya kumpa dakika 25 kwa usiku na kumvumilia akikosea, na mchezaji hana sauti katika kuchagua klabu. Klabu ndiyo inayochagua. Wanaotaka kumtumia kama onyo la kuacha shule wangetafuta mfano mwingine.

Congo kuna mifano ya kutosha, na kila mmoja unavuta upande wake. Bismack Biyombo alizaliwa Lubumbashi mwaka 1992, akaondoka nyumbani na miaka 16, akapita Yemen. Kocha Mario Palma alimwona katika mashindano ya vijana Amman, Jordan, akampeleka Hispania, na Biyombo akaingia ligi kuu ya huko na klabu ya Fuenlabrada. Chuo hakukigusa. Mwaka 2011, katika mchezo wa vijana bora wa dunia mjini Portland, alipata pointi 12, ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10, na miezi michache baadaye alichaguliwa wa saba. Mkataba aliosaini Orlando mwaka 2016 ulikuwa wa dola milioni 72 kwa miaka minne. Hapo ndipo ile hesabu ya soko inaposomeka vizuri: hakuwa mfungaji, hakuwahi kuwa nyota, lakini alikuwa sokoni akiwa na miaka 23, mwaka ambao fedha mpya za televisheni zilikuwa zimefurika. Baba yake alipofariki 2021, aliutoa mshahara wake wa msimu huo wa Phoenix kwa ajili ya kujenga hospitali nyumbani Congo.

Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma wa mwaka 2002, alikwenda Marekani 2016 na alikuwa akitafutwa na vyuo vikubwa. Badala yake alisaini na Ignite, timu iliyoanzishwa na NBA yenyewe kwa ajili ya vijana wanaotaka kulipwa katika mwaka wao wa kusubiri. Alicheza michezo 13, akachaguliwa wa saba mwaka 2021 na Golden State, na Juni 2022, kabla ya kutimiza miaka 20, alikuwa bingwa. Kwa kupita tu: Luol Deng mwaka 2004, Biyombo 2011, Emmanuel Mudiay wa Kinshasa 2015 na Kuminga 2021, wote ni chaguo la saba, na hakuna hata mmoja aliyemaliza chuo kabla ya kuchaguliwa. Deng alikaa Chuo Kikuu cha Duke mwaka mmoja. Mudiay alikuwa ameahidi kwenda chuo mjini Dallas, akaenda China.

Mbele yao wote alitangulia Dikembe Mutombo, aliyefika Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, mwaka 1987 kwa ufadhili wa serikali ya Marekani akitaka kuwa daktari. Kocha John Thompson alimwona kwa sababu kimo cha mita 2.18 hakifichiki. Mutombo alimaliza mwaka 1991, kwa shahada ya isimu na diplomasia, ndipo akachaguliwa wa nne na Denver, akiwa na miaka 25, na umri huo haukuwa kizuizi: alicheza misimu 18. Hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake ilifunguliwa 2007. Alifariki Septemba 2024. Mtu anaweza kusema kuwa Mutombo anathibitisha faida ya kumaliza; ni kweli, lakini alimaliza katika zama ambazo kuchelewa hakukuwa na gharama kubwa, kwa kuwa jedwali la mishahara ya wapya lilikuwa bado halijawekwa na mkataba wa kwanza ungeweza kubishaniwa bei.

Aliyebaki katika zama hizi ni Oscar Tshiebwe, naye wa Lubumbashi. Msimu wa 2021–22 akiwa Kentucky alikuwa na wastani wa ribaundi 15.1 na akatangazwa mchezaji bora wa taifa wa vyuo. Angeweza kuondoka, alirudi mwaka mwingine. Mwaka 2023, katika raundi zote mbili, jina lake halikuitwa. Alikuwa na miaka 23, kimo chake hakikutosha kwa nafasi anayocheza, na klabu zilikuwa zimemwona kiasi cha kumjua hadi kasoro ya mwisho. Mchezaji aliyekaa sana huwa amejibu maswali yote yanayomhusu, na soko la kikapu hulipia zaidi swali ambalo bado halina jibu. Hata hivyo Tshiebwe hakurudi Kentucky kwa kukosa akili, na sababu yake inahusu mabadiliko makubwa kuliko yote katika habari hii.

Julai 1, 2021, NCAA iliruhusu wachezaji wa vyuo kulipwa kwa matumizi ya jina, sura na sifa zao. Kabla ya hapo, mchezaji aliyejaza ukumbi wa watu 20,000 aliweza kufungiwa kwa kupokea chakula cha bure. Baada ya hapo, wafanyabiashara na wapenzi wa timu walianza kuwalipa wachezaji waziwazi. Tangu Julai 2025, baada ya mahakama kuidhinisha maridhiano ya kesi ya House, vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia wanamichezo wake mapato, kwa mwaka wa kwanza hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo. Matokeo yalionekana haraka. Mwaka 2021 walioandikisha majina mapema kwa ajili ya uteuzi walikuwa 353. Mwaka 2025 walikuwa 106. Anayekadiriwa kuchaguliwa raundi ya pili sasa anaweza kulipwa zaidi akibaki darasani. Ignite, timu ile ya Kuminga, ilifungwa 2024 kwa sababu sharti lake la kuwepo lilikuwa limekufa. Mto hata umegeuka: Egor Demin alitoka Real Madrid, Kasparas Jakučionis alitoka Barcelona, wakaenda kucheza vyuo vya Marekani mwaka mmoja, na wote wawili wakachaguliwa raundi ya kwanza 2025.

Hapo ndipo kijana wa Goma, Kampala au Mwanza anapoachwa pembeni. Mwanafunzi wa kigeni huingia Marekani kwa viza ya masomo, ile ya F-1, na viza hiyo haimruhusu kufanya kazi ya malipo nje ya chuo bila kibali maalumu. Mwenzake Mmarekani anasaini tangazo la viatu asubuhi na kucheza jioni. Yeye akifanya vivyo hivyo akiwa ndani ya nchi anahatarisha viza. Tshiebwe alilikwepa hilo kwa namna iliyozungumzwa sana: Agosti 2022 Kentucky ilikwenda Bahamas kwa michezo ya maandalizi, naye akatumia siku hizo kupiga picha na video za matangazo, kwa kuwa alikuwa nje ya ardhi ya Marekani. Vyuo vikubwa vina mawakili wa kutafuta njia nyingine, na kila chuo hutafsiri sheria kwa kiwango chake cha woga. Kwa hiyo, wakati Mmarekani ameongezewa sababu za kubaki, Mwafrika Mashariki bado anapiga hesabu ya zamani: chuoni ufadhili wa masomo, nje mshahara. Mabishano kuhusu vijana kuacha shule mara nyingi hulisahau hili na kuwapima wote kwa kibaba kimoja.

Mfano wa karibuni zaidi ni Khaman Maluach. Alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, Septemba 14, 2006, akakulia ukimbizini Uganda, katika Kawempe, kiunga cha Kampala. Alianza kikapu mwaka 2019 tu, akiwa na miaka 12 au 13. Tofauti na Hasheem, mbele yake palikuwa na ngazi iliyokwisha kujengwa. Alichukuliwa na kituo cha NBA kilichopo Saly, Senegal, ambako vijana husoma na kufanya mazoezi chini ya paa moja. Ligi ya Afrika, BAL, ina mpango wa kuweka kijana mmoja wa kituo hicho katika kila timu, kwa masharti yasiyomfungia mlango wa chuo. Kwa njia hiyo Maluach alicheza na Cobra Sport ya Juba mwaka 2022, AS Douanes ya Dakar 2023 na City Oilers ya Kampala 2024. Akiwa na miaka 16 alicheza Kombe la Dunia la 2023 na timu ya taifa; na miaka 17, Olimpiki ya Paris. Alipofika Duke katika majira ya kupukutika ya 2024 alikuwa amekwisha kupambana na watu wazima kwa misimu mitatu.

Duke alikaa mwaka mmoja. Takwimu zake hazikuwa za kutisha, wastani wa pointi 8.6 na ribaundi 6.6, katika timu iliyofika nusu fainali ya taifa mjini San Antonio. Juni 2025 alichaguliwa wa kumi na haki zake zikaishia Phoenix Suns, kwa mshahara wa mwaka wa kwanza wa takriban dola milioni 6. Ukimweka kando ya Hasheem, picha inageuka. Mmoja alikaa chuoni miaka mitatu akaondoka na miaka 22 na uzoefu wa miaka saba. Mwingine alikaa mwaka mmoja akaondoka na miaka 18, lakini akiwa amepita misimu mitatu ya ligi ya watu wazima, Kombe la Dunia na Olimpiki. Yupi kati yao aliyeondoka mapema? Kwa kalenda ya chuo, Maluach. Kwa kipimo cha mchezo, jibu halipatikani kwa kuhesabu mihula.

Shahada yenyewe haipotei kama wengi wanavyodhani. Vince Carter aliondoka North Carolina mwaka 1998 baada ya miaka mitatu, akaendelea na masomo wakati wa likizo, na asubuhi ya Mei 20, 2001 alihudhuria mahafali Chapel Hill, akapanda ndege hadi Philadelphia kucheza mchezo wa saba wa mtoano jioni ile ile. Mtupo wake wa mwisho ulikosa, klabu yake ya Toronto ikatolewa, na watu wakamlaumu kwa kwenda kuvaa joho. Mchezaji akiacha shule analaumiwa; akiirudia, pia.

Doha inaihusu habari hii kwa njia ambazo hazionekani kwa mara moja. Georgetown ya Mutombo ina tawi Education City, eneo la vyuo la Doha, tangu 2005, na mwanafunzi wa hapo hupata shahada ile ile inayotolewa Washington. Jirani zake ni matawi ya Carnegie Mellon, Northwestern na Weill Cornell. Kilichoachwa Marekani ni kikapu: timu ya kuonyeshwa televisheni, ukumbi wa watu 20,000, maskauti mlangoni. Education City inaonyesha kwamba chuo cha Marekani kinaweza kuendesha shughuli zake kikamilifu bila biashara hiyo, na kwamba ndoa ya darasa na uwanja ni desturi ya nchi moja. Mjini humo humo, Aspire Academy, iliyoanzishwa 2004, inafuata mtindo wa Ulaya: mtoto husoma sekondari na kufanya mazoezi mahali pamoja, kisha huenda klabu moja kwa moja. Nguzo zake ni soka na riadha. Mutaz Barshim, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu, alitoka hapo. Mchezaji wa mtindo huo haachi chuo, kwa sababu chuo hakikuwekwa njiani.

Fedha za Doha nazo ziko upande wa mwajiri. Mwaka 2023 mfuko wa uwekezaji wa taifa wa Qatar ulinunua takriban asilimia 5 ya kampuni inayomiliki Washington Wizards, kampuni iliyokadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 4.05. Mwaka 2024 klabu hiyo ilimchagua Alex Sarr, Mfaransa wa miaka 19 ambaye hakupita chuo. 2025 ikamchagua Tre Johnson, aliyekaa Texas mwaka mmoja. Sehemu ndogo ya mishahara yao, kwa maana hiyo, inatoka Ghuba.

Kwa mchezaji wa Afrika Mashariki anayeitazama Doha kama njia ya tatu, kati ya chuo na NBA, mipaka iko wazi. Klabu za ligi ya Qatar huajiri wachezaji wa kulipwa wa kigeni, lakini hutafuta watu waliokwisha kukomaa, na nafasi za wageni ni chache. Timu ya taifa nayo ina kizuizi ambacho riadha haikuwa nacho. Mwaka 2003 Stephen Cherono wa Kenya aligeuka Saif Saaeed Shaheen wa Qatar na majira hayo hayo akatwaa ubingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Paris. Katika kikapu, FIBA huruhusu timu ya taifa kuwa na mchezaji mmoja tu aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16. Qatar, iliyofika Kombe la Dunia la 2006 huko Japan, haiwezi kujenga kikosi kwa pasipoti mpya.

Sudan Kusini ikifuzu, Maluach atafika Doha Agosti 2027 akiwa bado na miaka 20; siku yake ya kuzaliwa ni siku mbili baada ya fainali. Wenzake walioingia Duke pamoja naye na kubaki darasani watakuwa wanaanza mwaka wa nne. Yeye atakuwa amemaliza ile miaka miwili ya uhakika ya mkataba wake, na inayobaki ni ile ambayo klabu ndiyo yenye hiari.